Upande Wenye Nta

Kazi yangu ni kuuambia ufa upite wapi. Watu wakiniuliza ninafanya nini mjini, nami nikawajibu hivyo, huuliza kama kazi hiyo ina mshahara. Inao. Si haba.

Niliianzia kwenye ofisi ya ghorofa ya saba katikati ya jiji, yenye lifti iliyofanya kazi siku ilizotaka. Wakati huo tulikuwa tukipigia hesabu miamba ya mafuta, mafuta ya huko kaskazini ambayo kila mtu aliyazungumzia na wachache mno waliyaona. Mafuta hayakai chini ya ardhi kama maji ndani ya mtungi. Yamo ndani ya vitundu vya mwamba, na mwamba ukiwa mchoyo hayatoki mpaka uupasue. Unaziba kipande cha kisima juu na chini kwa mipira, unasukuma maji katikati kwa nguvu, na mwamba unaposhindwa unapasuka. Hapo ndipo wengi hudhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza, kwa kuwa ufa una njia zake. Mwamba wa chini umebanwa kutoka kila upande, lakini haujabanwa sawasawa, na ufa hujifungulia kule kulikolegea. Ukiuacha ujiendee, huenda ukaishia penye maji ya chumvi, au pale ambapo mafuta yameshanyonywa, na jasho lako lote likawa la bure. Ndiyo maana wanahitajika watu wa kukaa na kufikiria jinsi ya kuugeuza.

Habari za mafuta zilipopoa, ofisi ilibaki na pampu, mipira, na watu waliojua kupasua mwamba. Maji nayo hukaa ndani ya mwamba. Tukashuka mitaani, tukaanza kupasulia watu visima vyao huku magharibi ya jiji, Lavington, Riruta, mpaka kule Dagoretti ya ndani. Ufundi ni ule ule, ila kina kimepungua na majirani wameongezeka. Kila kisima unachokigusa huku, kuna kingine nyuma ya ukuta, na mwenyewe anakutazama kupitia tundu la geti.

Baba yangu ndiye aliyekuwa akishusha mstari.

Hili inabidi nilieleze polepole, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Njia moja ya kuelekeza ufa ni kuukata mwamba kwanza. Unashusha kisimani chombo chenye tundu dogo, unapitisha maji yenye mchanga kwa kasi, na yale maji yanachonga mkato kwenye ukuta wa kisima. Ukisukuma shinikizo baadaye, ufa huanzia kwenye ule mkato na kufuata uelekeo wake kwa mita kadhaa, hata kama mwamba wenyewe ungependa kwingine. Tatizo ni kwamba chombo kiko chini kabisa, kwenye giza, mwishoni mwa mabomba thelathini na zaidi yaliyofungwa moja juu ya jingine. Utajuaje tundu limetazama wapi? Dira haisomi vizuri ikiwekwa karibu na chuma, inazunguka tu. Kuna chombo cha kisasa kinachojua kaskazini hata ndani ya chuma, lakini kilikuwa cha kukodi, na kila tulipokitaka kilikuwa kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo tulimtumia baba. Alikuwa ameshinda kwenye mitambo ya kuchimba tangu kabla sijazaliwa. Alitia alama ya kaskazini kwenye chombo kikiwa bado juu, na kila bomba lilipofungwa aliipandisha ile alama kutoka bomba la chini hadi la juu, kwa uzi, timazi, na kalamu ya nta nyekundu. Bomba likizunguka wakati wa kukazwa, alirudia. Uzi ukiteleza kwa upana wa njiti ya kiberiti kwenye kila kiungo, utadhani chini kule unatazama Limuru kumbe unatazama Ngong. Akishusha mstari hakuongea na mtu. Chai ikiletwa ilipoa pale pale. Vijana wa mtambo walijifunza kutomsalimia mpaka bomba la mwisho liingie.

Nyumbani baba aliniita Maitu. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, kwa hiyo kwake mimi nilikuwa mama yake, na Maitu ndiyo mama yangu kwa lugha ya nyumbani. Aliniita hivyo tangu nikiwa na meno mawili. Hata akinigombeza, aligombeza kwa heshima. Lakini kazini alilivua jina hilo getini. Kazini niliitwa Injinia, tena kwa sauti ya juu, ili wanaume wa mtambo wasikie na wasijisahau. Jioni nikipita kwake Riruta kula, nilikuwa Maitu tena.

Kazi ya kwanza niliyopewa kuisimamia mwenyewe ilikuwa Lavington. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kihindi aliyestaafu biashara ya vifaa vya ujenzi, mtu mpole, mwenye mazoea ya kuja kisimani na kikombe chake mwenyewe mkononi. Kisima chake kilikuwa kimekauka karibu chote. Kilichonitia wasiwasi hakikuwa chake. Chini ya mteremko, ng'ambo ya kijito, upande wa Kangemi, kikundi cha akina mama kilikuwa na kisima chao, na watu wa mtaa mzima walijaza mitungi pale. Majaribio yetu ya mwanzo yalionyesha kwamba kwenye kile kiwanja mwamba ulipenda kupasukia kaskazini magharibi. Yaani Kangemi. Yaani moja kwa moja kwa akina mama.

Nilikwenda kumwona mwenyekiti wao kabla hatujaanza. Alinisikiliza akiwa ameshika mpira wa maji, akijazia mtu mtungi.

"Sasa mnapasua mawe ya huko, na maji yetu iko huku?"

"Tutaugeuza ufa, mama. Utaenda upande wa Westlands. Kisima chenu hakitaguswa."

"Unaweza geuza mawe?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Haya. Umesema mwenyewe, na mimi nimeskia."

Ilikuwa Julai, ule mwezi ambao Nairobi haioni jua na kila mtu anakaa na sweta kama sare. Baba alishusha chombo cha kukata, mkato ukachongwa kuelekea kaskazini mashariki, Westlands. Siku iliyofuata tukasukuma shinikizo dogo, la kuuanzisha ufa tu. Kabla ya kusukuma lile kubwa, la maji mengi na mchanga, ilibidi tuhakikishe. Kuhakikisha ni hivi: unashusha mpira laini kama soksi nene, unaujaza mpaka ubanane na ukuta wa kisima, unaungoja, unautoa. Mpira hutoka na chapa ya mkato na ya ufa, kama vile shavu linavyoamka na alama za mkeka. Baba akashusha mstari kwa mara ya pili, na mpira ukatoka.

Tulikuwa tukiuzungushia ile nailoni angavu ya kufunikia vitabu vya shule. Baba alichora juu yake kwa kalamu yake nyekundu: mstari mmoja wa kaskazini, mshale wa kuonyesha juu ni wapi, kisha akafuatisha mkato na ufa. Hakuandika herufi hata moja. Hakuwa mtu wa herufi. Kwa upande ule wenye nta, alama ikiwa kushoto kwa mstari, ufa umeelekea Westlands, maana ukiutazama mpira kutoka nje, uso wa kaskazini ukiwa mbele yako, mashariki huwa kushoto kwako. Ikiwa kulia, umeelekea Kangemi. Haikuwa na ugumu wowote.

Akanipa. Kulikuwa na manyunyu. Nikaogopa matone yataharibu mchoro, basi nikaigeuza, upande wenye nta ukalala kwenye boneti ya gari na upande mtupu ukatazama juu. Niliigeuza kwa uangalifu kabisa. Kisha mwenye nyumba akaniuliza jambo, nikamjibu, nikarudi kwenye nailoni na kalamu yangu ya wino, na kile nilichokuwa nimekifanya dakika moja iliyopita kilikuwa kimeshanitoka kichwani. Nikasoma. Kulia.

Nikasoma tena. Mkato ulikuwa kulia, na ufa ulikuwa umeufuata huko huko kulia. Si mwamba uliokataa, basi. Mkato wenyewe ulikuwa umechongwa vibaya, ukitazama Kangemi, na aliyeelekeza mkato ni mmoja tu. Nikaandika hesabu zangu pale pale kwenye nailoni, kwa wino mweusi, nikazirudia mara tatu. Nilimfikiria mwenyekiti na mpira wake wa maji.

"Mzee," nikasema, "umepoteza mstari."

Nilisema kwa sauti. Nisijitetee kwamba nilinong'ona. Wanaume watano wa mtambo waliacha walichokuwa wakifanya, na mwenye nyumba akakishusha kikombe chake. Baba aliitazama nailoni pale kwenye boneti, akanitazama mimi, kisha akawatazama wale wanaume mmoja mmoja, kana kwamba anawahesabu. Mwendesha mtambo akasema, "Madam, si umri? Hiyo ni kawaida tu," na mimi sikumkatiza. Baba akapangusa ncha ya kalamu yake kwa kitambaa, akaizungushia uzi, akaitia mfukoni mwa koti.

"Sawa, Injinia," akasema.

Nikasimamisha kazi. Nilijiona mtu wa haki sana siku ile, mtu aliyemnyima hata baba yake upendeleo kwa ajili ya maji ya watu. Nasema kama nilivyojiona.

Jioni nikaenda Riruta kama kawaida. Mama yangu alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka mingi kabla, na baba alijipikia. Siku hiyo ilikuwa sukuma wiki na ugali. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi na niliona ajabu ugomvi haukuja.

"Ile nailoni," akasema mwishowe. "Iangalie tena."

"Nimeiangalia, Baba. Mara tatu."

"Iangalie ukiwa umekaa kwa kiti. Hakuna mvua."

"Baba, nimeangalia. Makosa hutokea. Hata mimi hukosea."

Hasira zangu nimezirithi kwake, ila yeye zake huzikalia, na mimi zangu hunikalia.

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema, akanisogezea sufuria. "Ongeza mboga, Injinia."

Nilidhani ni kejeli ya usiku mmoja.

Ofisi haikumwita tena. Hakuna aliyemfukuza, walikoma tu kumpigia simu, na kwa fundi wa umri wake hilo linatosha. Ripoti niliitia sahihi mimi. Sehemu ya chanzo cha hitilafu niliandika sentensi moja, fupi, isiyo na jina. Mwenye nyumba wa Lavington akarudi kwenye maji ya malori. Nami kwa miezi kadhaa nilishuka Kangemi na kamba yangu ya kupimia, kwa sababu ufa ule mdogo tuliokwisha kuuanzisha ulikuwa, kwa hesabu zangu, unatazama kwa akina mama. Kisima chao hakikushuka hata upana wa kiganja. Kwenye daftari niliandika kwamba athari bado haijaonekana. Neno bado lilikuwa langu, halikutoka kisimani.

Na baba akaendelea kuniita Injinia. Nyumbani, kwenye simu, kanisani, kwenye mazishi ya shangazi mbele ya ukoo wote. Watu walidhani ni majivuno ya mzazi, wakatabasamu. "Huyo ni Injinia wangu," alisema, nao wakanipa mkono. Mimi nilijua ni adhabu. Sikujua tu ni adhabu ya kosa gani, maana nilishajihakikishia kwamba aliyekosa ni yeye. Iliniuma, na kwa kuwa iliniuma nilipunguza kwenda. Kila wiki ikawa kila mwezi.

Hivyo miaka miwili ikapita.

Ofisi ilihamishwa kutoka ghorofa ya saba hadi ya tatu, na kila mtu akaambiwa asafishe rafu zake. Kwenye bomba la plastiki nilikoweka michoro ya zamani nikaitoa ile nailoni. Nilitaka kuifuta niitumie tena. Sisi hatutupi nailoni nzima. Nikaibandika kwenye kioo cha dirisha, nikachukua kitambaa chenye spiriti, nikafuta hesabu zangu. Wino mweusi ukatoka. Ule mchoro mwekundu haukutoka. Nikasugua kwa kidole gumba. Nta hutoka kwa kidole, kila mtoto aliyewahi kuchora anajua. Haikutoka. Kidole changu kilikuwa kisafi.

Nikaigeuza. Nikagusa. Kidole kikawa chekundu.

Nilikaa kwenye kiti, miaka miwili tangu niambiwe nikae kwenye kiti. Wino wangu ulikuwa upande mmoja na nta ya baba ilikuwa upande wa pili. Nilikuwa nimesoma kwa nyuma. Kilichokuwa kulia kilikuwa kushoto, na kilichokuwa Kangemi kilikuwa Westlands. Mkato ulikuwa pale pale tulipouagiza, na ufa ulikuwa umeufuata kwa utii ambao hata kwenye hesabu za mafuta sikuwahi kuuona. Lile lilikuwa jaribio bora kuliko yote niliyowahi kuyasimamia, na mimi ndiye niliyeliua.

Na kuna jingine, ambalo mpaka leo linanitia aibu kama mtu wa kupima. Mstari ukipotea, hupotea ovyo. Utaangukia popote. Huu wangu ulikuwa umepotea kwa kiasi kile kile, kipimo kwa kipimo, kutoka kushoto kwenda kulia. Makosa ya uzi hayana unadhifu huo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeshtuka. Mimi sikushtuka kwa sababu nilikwisha kuwa na mtu wa kumlaumu.

Nikatoka mjini mchana huo huo, nikaenda Riruta. Baba alikuwa nyuma ya choo cha wapangaji, akijenga upya ukuta ulioanguka na mvua. Alikuwa amefunga ule uzi wake kati ya misumari miwili, na uso wake alikuwa ameusogeza karibu mno na uzi, karibu kuugusa kwa pua.

"Injinia," akasema bila kugeuka. "Hebu niangalilie. Hii kamba imegusa jiwe ama imeacha nafasi?"

Kulikuwa na nafasi ya kupitisha kidole kizima. Mtu aliyekuwa akiona njiti ya kiberiti.

"Macho yameanza lini, Baba?"

"Mtoto wa jicho. Iko hapo tangu mwaka jana. Mambo ya kliniki ni foleni tu." Akasimama polepole. "Unataka nini mchana hivi?"

"Niliigeuza ile nailoni. Ile ya Lavington. Niliisoma kwa upande hauna nta."

Akaokota jiwe, akaligonga kidogo, akaliweka.

"Eee," akasema. "Najua."

"Ulijua lini?"

"Siku hiyo. Nilichora kushoto, wewe ukasoma kulia. Si nilikuwa nimesimama hapo?"

"Na mbona hukusema?"

"Niseme wapi? Mbele ya wale? Hiyo ilikuwa kazi yako ya kwanza kusimamia. Niwaambie injinia wenu hajui upande ya karatasi? Kuanzia kesho yake wangekuwa wananiuliza mimi, si wewe."

"Basi jioni. Tulikula pamoja jioni."

"Jioni nilikwambia uangalie."

"Hukuniambia nimekosea wapi."

"Mtu akishasemwa amekosa, halafu aanze kusema si yeye, anaskizwa na nani? Ungesema mzee anajitetea." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Nilijua utaona. Sikujua itachukua miaka mbili."

Nililia pale, nyuma ya choo, na mpangaji mmoja aliyekuja na kopo la maji akageuka akarudi alikotoka. Nililia kwa sababu ya macho yake zaidi ya kitu kingine. Ile miaka miwili ndiyo ilikuwa ya mwisho ya macho yake kuona mstari, na mimi nilimfanya akae nyumbani.

"Nisamehe, Baba."

Akainamia tena uzi wake.

"Uliniambia nimepoteza mstari ukiwa wapi?"

"Pale kwa kazi."

"Mbele ya nani?"

"Watu wa mtambo. Na mwenye nyumba."

"Sasa mbona unaniomba msamaha hapa nyuma ya choo?" Akauvuta uzi, ukalia. "Anza na hao, Injinia."

Wale wanaume watano walikuwa wamebaki watatu. Niliwakuta asubuhi kwenye yadi, karibu na Naivasha Road, wakipaka girisi. Nikawaambia nina neno. Nilikuwa nimejiandikia maneno mazuri na yote yakanitoka, basi nikaitandaza ile nailoni kwenye boneti ya lori na kuwaonyesha: hapa nta, hapa wino wangu. Mzee hakupoteza mstari. Mimi ndiye niliyegeuza nailoni, nikasoma kinyume, nikamwaibisha mbele yenu.

Kisha mwendesha mtambo, yule yule wa umri, akaangua kicheko.

"Kwa hivyo ilikuwa nailoni ya vitabu, madam?"

"Nailoni ya vitabu."

Wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Sikuwazuia. Walipomaliza, yule mkubwa wao akajifuta macho na kusema, "Lakini ungenyamaza tu. Nani angejua?" Nikamwambia mzee anajua. Akatikisa kichwa, hakucheka tena, akarudi kwenye girisi yake.

Lavington palikuwa pagumu zaidi, maana pale palikuwa na adabu. Mwenye nyumba alinikaribisha kwenye veranda, akasikiliza mpaka mwisho, akakoroga chai iliyokuwa haina haja ya kukorogwa.

"Kwa hivyo maji yangu ilikuwa tayari kutoka, wakati wote huu?"

"Ndiyo."

"Na yule mzee alikuwa sahihi?"

"Alikuwa sahihi."

"Mimi nilifikiria hivyo," akasema taratibu. "Mtu hawezi kuacha chai ipoe hivyo halafu akose." Akaweka kijiko mezani. "Malizeni."

Tukamaliza mwezi wa Agosti. Safari hii tulikipata kile chombo cha kisasa, nacho kikashuka kupima mkato wa zamani umetazama wapi. Ulikuwa umetazama Westlands. Kutoka mahali nilipouagiza miaka miwili nyuma, mabomba thelathini na zaidi chini ya ardhi, baba alikuwa amekosea kwa kiasi kidogo mno, ambacho chombo chenyewe hakikuwa na hakika nacho. Tukasukuma lile shinikizo kubwa. Pampu ya mwenye nyumba ikafanya kazi siku tatu mfululizo na maji hayakukatika. Nikateremka Kangemi na kamba yangu, nikapima asubuhi na jioni, wiki nzima. Maji ya akina mama hayakusogea.

"Wewe ulisema kisima haitaguswa," mwenyekiti akaniambia, mtungi mwingine, mpira ule ule. "Sasa mbona unashinda huku ukichungulia ndani?"

Jumamosi nikaubeba ule mpira laini, tuliokuwa tumeushusha kwa uhakikisho wa mwisho, nikautia kwenye buti la gari, nikaenda nao Riruta. Ni mzito kama gunia la viazi. Niliuburuta mpaka sebuleni, nikauegemeza kwenye kochi. Baba alikuwa kwenye kiti chake na blanketi magotini. Nikamwambia kwamba nimewaambia: watu wa mtambo wote watatu, mwenye nyumba, na bosi wa ofisi, kwa barua, yenye jina langu na jina lake. Nikamwambia walivyocheka.

"Walicheka sana?"

"Mmoja alikaa chini."

Akaguna, nadhani kwa kuridhika. Kisha akanyoosha mkono. Nikauchukua nikauweka kwenye ile alama ya kaskazini niliyoitia kwa nta, nta nene, ili aisikie. Hakuhitaji zaidi ya hapo. Kidole chake kikahama kushoto, polepole, bila kunong'ona, bila kupumua kwa sauti, hali ile ile aliyokuwa nayo akishusha mstari, mpaka kikafika kwenye mkato, kikatumbukia, kikaufuata kuanzia juu hadi chini. Akarudia. Chai niliyomwekea ilikuwa mezani, ikipoa.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya nyumba. Mikono yangu ilikuwa na matope, na mlango nilikuwa nimeuacha wazi wakati wa kuburuta ule mzigo.

"Maitu," akasema, kidole kikiwa bado kwenye ufa, "funga mlango, baridi inaingia."